Mikorosho Ishirini ya Mjomba Basil

Siku Alfredi alipokata mkorosho wa kwanza, dada yake Getrude alishika kichwa kwa mikono miwili. Mti ulikuwa wa mjomba wao, Basil, na kwa Wamakonde wa Makote shamba la mjomba si mchezo. Yeye ndiye anayempa mpwa, na ndiye anayemnyang'anya.

Alfredi alikuwa sajenti mstaafu. Miaka thelathini alizunguka kambi za nchi nzima, na kila likizo alipita Masasi, Lulindi na Newala akiwa na kamera shingoni. Wengine walipiga picha harusi, yeye alipiga mikorosho. Aliurudia mti uleule mwaka hadi mwaka, akahesabu pichani kila kichala kimebeba korosho ngapi. Alipostaafu alijua, kuliko hata wenye miti, upi unazaa na upi unatoa kivuli tu.

Mikorosho ishirini ya mjomba ilikuwa ya kivuli.

"Nakupa misimu mitatu miti hii izae," Mjomba Basil alimwambia mbele ya ukoo. "Ukishindwa, shamba nampa Nikolao, wewe urudi kambini ukapige picha."

Watu wakacheka. Nikolao, mpwa mwingine, mdogo kwa Alfredi kwa miaka kumi, alicheka kuliko wote.

Alfredi akakata miti yote, akabakiza visiki vya kufika kiunoni. Visiki vilipochipua, alikwenda Lulindi kwa Mama Oliva, ambaye mkorosho wake ulishinda yote katika picha zake. Akaomba vikonyo, vijiti vichanga vya mti huo, akavibebesha kwenye machipukizi ili vishikane nayo, na kuvifunga kwa nailoni. Wiki mbili baadaye vyote vilikuwa vimekauka kama njiti za kiberiti.

"Afande, unapanda kuni?" Nikolao aliuliza akipita.

Alfredi alilijua kosa lake. Alivikata saa sita mchana, akasafiri navyo juani kwenye pikipiki. Safari ya pili alivikata alfajiri, akavifunga ndani ya khanga mbichi. Maji alipewa na Getrude, ndoo aliyoipangia foleni asubuhi nzima.

"Ukiniaibisha tena, kaka," Getrude alisema, "tutakula hivyo visiki, mimi na wewe."

Vikashika.

Msimu wa tatu Mjomba Basil alikuja na fimbo yake, Nikolao na ukoo wakimfuata. Matawi yalikuwa yameinama, mabibo mekundu yametapakaa chini, na korosho zilikuwa zikidondoka mzee akizitazama. Alishika kichala kimoja, akahesabu kwa kidole. Kumi na moja. Akahesabu tena.

"Nikolao, una mikorosho mizee mingapi?"

"Thelathini na sita, mjomba."

"Mwombe Afande akufundishe kukata. Umwombe vizuri."

Nikolao akasafisha koo. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Alfredi akasema, akatulia kama mtu asiye na haraka. "Endelea, nakusikiliza."

Hata mjomba alicheka, mabega yakimtikisika. Kisha akawageukia watu.

"Sikieni wote. Shamba hili ni la Alfredi. Baada yake ni la watoto wa Getrude. Asije mtu kuniuliza tena."

Getrude aliketi palepale chini, katikati ya mabibo, akacheka mpaka kilemba kikamvuka.