Ubatizo wa Baba Mdogo Verlin

Baba yangu mdogo, Verlin Stamps, aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na baada ya hapo kazi yake kubwa ikawa kulala. Alilala barazani, alilala kwa kinyozi, na mara moja alilala akisubiri taa ya barabarani iwake kijani. Mkewe, mama mdogo Twyla, alimvumilia kwa yote isipokuwa moja: Verlin hakuwahi kubatizwa. Miaka yote Twyla akiimba kwaya, mumewe alibaki nyumbani akiosha gari. Ukimuuliza, alisema hana ugomvi wowote na Mungu, ugomvi wake ni na mabenchi ya kanisani.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, joto likiwa limezidi, tulishuka mtoni mara tu Twyla alipotoka kanisani. Huku kwetu kwenye milima ya Ozark, bahari ni kitu cha kuona kwenye kalenda. Ufuko wetu ni kokoto, maji ya baridi unayoona vidole vyako ndani yake, na familia zimejazana chini ya miavuli zikila tikiti.

Verlin alijitupa majini juu ya tyubu kuukuu ya tairi la trekta, akafunika uso kwa kofia. Twyla, anayemjua mtu wake, alifunga tyubu kwa kamba, akaifunga ncha ya pili kwenye mguu wa kiti chake cha kukunja, kisha akakikalia.

"Mimi ndiye nanga yako," alimwambia. "Lala salama."

Mpango ulikuwa mzuri mpaka mbwa wa watu alipoingiza kichwa kwenye sanduku letu la barafu na kutoka na paja zima la nguruwe. Twyla aliruka akamfukuza mpaka kwenye magari. Mimi nilikuwa majini, nimewapa mgongo. Aliporudi na kilichobaki cha lile paja, alisimama akashangaa.

"Kiti changu kiko wapi?" aliuliza.

Ndipo tukatazama mto.

Yaliyotokea huko chini tulisimuliwa baadaye na wengi, na wote walisimulia sawasawa. Nyuma ya kona ya mto, waumini wa Kanisa la Ukingoni walikuwa wakibatiza. Hawa walijitenga na kanisa la Twyla kwa ugomvi wa piano, ikae kushoto au kulia mwa mimbari, na tangu hapo Twyla akiwaona dukani hugeuza toroli. Mchungaji wao, Lonnie Teague, alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni. Alishamaliza waliojiandikisha, akauliza kama kuna mwingine anayeitikia wito. Akauliza tena.

Kwenye kona akatokea Verlin, chali, mikono ameitandaza, anaelea taratibu kumwelekea mchungaji, na nyuma yake kiti kitupu kikimfuata.

Mama mmoja alianza kulia. Mchungaji alimshika Verlin bega na kumuuliza kwa upole, "Ndugu yangu, uko tayari?"

Verlin, akidhani ni Twyla anamuuliza habari za chakula, alijibu bila kufumbua macho, "Niko tayari tangu asubuhi."

Mchungaji akamzamisha.

Mimi na Twyla tulikimbia ukingoni tukiita jina lake, Twyla akiwa ameshika lile paja bado. Tulimkuta amekaa kwenye meza ndefu kivulini, amevaa kanzu nyeupe ya ubatizo iliyogoma kufungika tumboni, mbele yake kuku wa kukaanga na pai ya pichi.

"Verlin, umefanya nini?"

"Nimebatizwa," alisema. "Nadhani."

"Umebatizwa na hawa?"

"Ndio waliokuwepo."

Twyla akamgeukia mchungaji, akataka kujua kama ubatizo wa mtu aliyelala unahesabika. Mchungaji alieleza kwamba alimuuliza, naye akajibu kwa sauti, kanisa zima linashuhudia. Twyla akamwambia kwamba huyu mtu alikuwa anajibu habari ya chakula cha mchana. Mchungaji alifikiri kidogo, akasema wapo walioanzia hapo hapo.

Twyla akakikalia kile kiti chake, kikiwa bado kinachuruzika maji, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nilipoanza kucheka naye, nikaona sasa analia kweli.

Verlin alimsogezea sahani yake.

"Nilipotoka kwenye maji walikuwa wananiimbia, Twyla. Mimi. Tangu nizaliwe walioniimbia ni watoto wa basi tu, na nyimbo zao hata siwezi kukutajia."

Twyla akaivuta sahani. Alikula pai yote, kisha akasema ukoko wake ni mgumu.

Jumapili iliyofuata Verlin aliamka mwenyewe, akavaa tai, akasimama kando ya gari. Hakusema anataka kwenda kanisa gani, na Twyla hakuuliza. Alichukua pochi, akashika usukani, akampeleka moja kwa moja mpaka Kanisa la Ukingoni. Alikusudia kumshusha tu. Lakini Verlin alibaki amesimama mlangoni kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, hajui akae wapi, ikabidi Twyla ashuke. Ndani, mke wa mchungaji, ambaye yeye na Twyla hawakuwa wamesalimiana tangu ule ugomvi wa piano, alijisogeza kwenye benchi kuwapa nafasi. Twyla akamsukuma mumewe aingie kwanza, naye akakaa kando yake.