Zamu ya Ngazi ya Bi Häfele

Jumatatu ile nilimkuta Bi Häfele mlangoni, ameegemea mkongojo, anautazama msumari mtupu.

"Hawajakitundika, Annegret," aliniambia.

Alikuwa anazungumzia kibao cha zamu. Katika jengo lile, kama mengi ya Stuttgart, anayekuta kibao mlangoni kwake ndiye mwenye zamu ya kusafisha ngazi wiki nzima. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa nyumbani. Nilipangusa vumbi, nikafua, nikatandika kitanda, na kwa amri ya ofisi iliyoniajiri kazi hizo zilikomea kizingitini.

"Bwana Pfisterer!" aliita, sauti ikashuka hadi chini. "Kibao changu kiko wapi?"

Jirani wa chini alitoa kichwa. "Nimekitundika kwangu. Una vyuma mguuni, Bi Häfele. Tumeona tukuruke, upumzike."

"Unaniruka kama dimbwi la maji? Nitapumzika makaburini, bwana, na huko nako utanitangulia!"

Sidhani Bwana Pfisterer alikuwa na nia mbaya. Bi Häfele alipolazwa hospitalini, ni yeye aliyemwagilia maua yake. Lakini mama yule alinivuta karibu.

"Wakiniruka leo," alininong'oneza, "kesho watanisalimu kama mgeni. Nifagilie wewe, mwanangu."

"Siruhusiwi, Bi Häfele."

"Na msaidizi hahesabiki!" alidakia Bwana Pfisterer kutoka chini. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

Nilifikiri kidogo. Kumshusha na kumpandisha ngazi kwa mazoezi ya mguu ilikuwa kazi yangu. Akiwa njiani ashike nini mkononi, hilo ofisi haikuwahi kulisema.

Nilileta mto wa kochi, nikauweka kwenye ngazi ya juu kabisa, nikamkalisha. Nikampa ufagio wa mkono. Mimi nilikaa chini yake na kizoleo, tayari kumdaka. Akafagia, akateremka kwa makalio ngazi moja, nikasogeza mto, akafagia tena.

"Maskini ya Mungu," alisema Bwana Pfisterer, "mwanamke mzima anateleza kama mtoto!"

"Teleza nawe uone kilichojificha huku," alijibu Bi Häfele. Alikuwa anachokoa pembeni kwa ncha ya ufagio, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni. Zikatoka pini za nywele, punje ya njegere iliyokauka, kisha kifungo cha kahawia.

Alikiinua kwenye mwanga. Sote watatu tukalitazama koti la Bwana Pfisterer, na uzi uliokuwa ukining'inia pasipo na kifungo.

"Nimekitafuta tangu Krismasi," alisema polepole.

"Na tangu Krismasi zamu yako imepita mara ngapi?"

Bwana Pfisterer alipanda hadi tulipokaa. Alipokea kifungo, akarudi kwake, akatoka na kibao. Alipanda akatupita, akakitundika kwenye ule msumari mtupu. Aliporudi alimpa Bi Häfele mkono ainuke, nami nikashika upande wa pili.

Jumatatu iliyofuata tulishuka tena kwa mazoezi. Bi Häfele alikuwa amebeba kibao kwapani. Alikitundika mwenyewe kwenye mlango wa chini, akabisha hodi kwa mkongojo.

"Zamu yako, bwana," alisema mlango ulipofunguka. Kisha akanigeukia. "Annegret, mwanangu, mpe na ule mto."