Sakafu Kavu

Paa la wodi ya wazazi lilikuwa linavuja pale bomba la hewa linapotokeza nje, na Fundi alijua sababu. Yeye ndiye aliyeliezeka. Kila bomba lilitakiwa livishwe kola ya bati, ukingo wa juu uchomekwe chini ya bati la paa, ili maji yateleze yaende zake. Msimamizi wa ujenzi hakutaka kungoja.

"Pakaza lami hapo, tusonge."

"Jua likiipiga itapasuka, bosi."

"Wewe fundi au mtabiri wa hali ya hewa? Pakaza!"

Akapakaza.

Mvua za kwanza tu, maji yakaanza kudondoka kando ya kitanda cha nne. Aliyekuwa akiyakausha ni mkewe, mfanya usafi wa wodi hiyo hiyo. Fundi akakata kola nyumbani, akaenda nayo hospitali. Mganga mkuu hata hakuitazama.

"Paa bado ni la mkandarasi. Ukiligusa nakuitia polisi. Subiri mkaguzi."

Mkaguzi alikuja mara tatu. Mara zote muuguzi mkuu aliamuru pakaushwe kwanza, mgeni asione uchafu. Mkaguzi akatazama chini, akaandika: sakafu kavu, paa zima.

"Mama watoto, safari hii yaache," Fundi alimsihi. "Ayakanyage mwenyewe."

"Na mzazi akiyakanyaga kabla yake, mtoto mkononi?" Mkewe akacheka kidogo. "Wewe ulipakaza lami kwa kuambiwa, mimi nadeki kwa kuambiwa. Kweli tumeoana."

Siku ya ziara ya nne mvua ilikuwa inamwagika. Viatu vya mkaguzi vilishasikika kwenye korido, mke wa Fundi akaharakisha kudeki. Mguu ukateleza, akaanguka. Wakambeba kwa mlango wa nyuma, mwenzake akamalizia kukausha, mkaguzi akaingia, akaandika.

Barua ya kumwachisha kazi ilisema uzembe: ameanguka penye sakafu kavu. Ripoti ya mkaguzi iliambatanishwa.

Siku hizi Fundi anamgeuza kitandani asubuhi na jioni. Kola imeegemea ukuta, haijapata kutu. Kipande kimoja cha bati, urefu wa mkono. Skrubu kumi na mbili. Saa moja juu ya ngazi. Na nyonga ya mwanamke mmoja, upande wa kushoto.