Upande B wa Shomari

Jana usiku niliota niko hewani na sina cha kusema.

Kwanza mjue hali yangu. Nina kipindi cha redio hapa Morogoro, kila Jumamosi alasiri. Nachukua albamu moja ya hip hop ya zamani na moja mpya, nazisikiliza mwanzo mpaka mwisho, halafu natoa hukumu. Wasikilizaji wananiita Shangazi Hukumu na mimi sikatai. Leo zamu ni ya kaseti ya marehemu kaka yangu Shomari dhidi ya albamu ya kwanza ya binti yake, Semeni. Nani alipanga hivyo? Mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu.

Juzi Semeni alikuja akaniambia, "Shangazi, ukisema ya baba ndiyo kali, nitakuelewa. Ila mimi kuchana mistari basi tena. Narudi zangu saluni." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Na nikisema ya Semeni ndiyo kali, nitaona nimemzika Shomari mara ya pili. Nikapanda kitandani na mzigo huo.

Sasa ndoto. Niko jikoni kwangu, na redio iliyo juu ya kabati inasoma tangazo la sabuni. Fundi mitambo wetu ananiita kutoka ndani ya friji. "Shangazi, tangazo likiisha unatoa hukumu."

"Sawa," nikamwambia, "funga mlango, baridi inatoka."

Natafuta ndala zangu. Naipata moja. Mezani, kaseti ya Shomari na simu yangu wamekaa wanakunywa chai. Albamu ya Semeni inakaa ndani ya simu, kwa hiyo simu ndiyo inayoisemea.

"Shikamoo," simu ikaniamkia.

"Marahaba. Haya, nani mkali kati yenu? Sina muda."

"Mimi ni wa enzi za kuanika betri juani ili zipate nguvu," kaseti ikasema kwa sauti ya kukwaruza. "Huyu mwenzangu hajui shida."

"Hapa nilipo chaji inaisha," simu ikajibu. "Shida naijua."

Ikakohoa kidogo ikaanza wimbo wa kwanza wa Semeni, ule unaoanza bila maneno, mdomo umefumbwa: mmm tatu zinapanda, moja inashuka kama mtu aliyechoka. Kaseti ikaweka kikombe chini.

"Huo umeutoa wapi?"

"Umenijia tu," simu ikasema. Semeni naye aliwahi kunijibu hivyo hivyo.

Mimi nimeshachoka na soga zao. Tangazo limeshafika kwenye harufu ya limau. Nikaona bora niuruke wimbo wa pili, ule wenye vinanda vingi, tumalize haraka. Kipindi changu kina sheria moja: hakuna kuruka wimbo. Nilipobonyeza, kipande cha sakafu pale nilipotakiwa kukanyaga hakikuwepo. Nikadumbukia, nikatokea sokoni.

Sokoni kuna mizani ya nafaka, na mpimaji ni spika kubwa iliyovaa aproni. Inapima mistari. Ya Shomari ilimwagwa upande mmoja, ikalia kama kokoto. Ya Semeni ikamwagwa upande wa pili, laini kama unga wa sembe, na mizani ikatulia katikati.

"Ipi nzito?" nikauliza.

"Siwezi kusema. Wa mtoto umeleta gunia zima, wa baba umeleta nusu. Upande B uko wapi?"

Nikaieleza spika. Upande B una sehemu mkanda umekunjamana, na kila redio ikifika pale inautafuna. Hiyo ndiyo kaseti pekee ya Shomari iliyobaki, kwa hiyo tangu afariki sijaugusa. Kila mtu anamjua kwa upande A, na unatosha.

"Unamtosha nani?" spika ikauliza.

"Usinichoshe. Tangazo linaisha."

"Limefika kwenye bei ya mche," akasema mama muuza nyanya. "Wahi."

Basi nikaigeuza kaseti, na soko likageuka nayo. Nyanya zilikaa hewani kidogo, kisha zikajipanga darini. Hakuna aliyelalamika. Mimi natembea juu ya mabati na ndala moja, jua linaniunguza mguu wa pili.

Nahitaji kalamu ya kuzungushia mkanda, maana redio siiamini. Naomba kalamu kwa karani wa soko. Kalamu ikanijibu yenyewe kwamba Jumamosi haifanyi kazi. Nikachomeka kidole changu kidogo kwenye tundu la kaseti. Meno ya tundu yakaning'ata. Nikajikaza kisabuni, nikazungusha.

Kila nikizungusha, barabara inasogea. Kumbe barabara yenyewe ndiyo mkanda, ya kahawia, inang'aa. Nikafika pale ilipokunjamana. Hapo napiga magoti, nainyoosha kwa kucha, polepole, na huku nyuma watu wanaimba namba ya simu ya wakala wa sabuni. Mimi subira sijajaliwa, lakini niliinyoosha yote.

Mbele yake palikuwa na mlango wenye blanketi. Nikaingia, nikajikuta mtaani Mwembesongo, kwenye chumba cha Shomari cha enzi zile. Magodoro yamesimamishwa ukutani ili mwangwi usiingie. Kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa ufagio na kimevishwa soksi. Sisi tusio na studio tulirekodi hivyo. Shomari amenipa mgongo, anachana, na jasho limemlowanisha shati.

Kitandani yuko Semeni, mtoto wa miezi michache, analia kama anadai haki yake.

Mimi ni mtu wa redio, kelele sizivumilii. Nikamnyanyua. "Namtoa nje," nikasema, "anakuharibia wimbo."

Shomari akaacha mstari katikati. Hakugeuka. "Mwache, dada," akasema. "Naye yumo."

Akanyoosha mikono nyuma, nikampa mtoto. Mashine bado inarekodi. Akamlaza begani na kuanza kumbembeleza, mdomo umefumbwa: mmm tatu zinapanda, moja inashuka kama mtu aliyechoka.

Nililia pale pale, sikujificha. Mtoto yeye alinyamaza.

"Shangazi," fundi mitambo akasema kutoka ndani ya godoro, "tangazo limeisha. Uko hewani."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Ulitoka mkanda, mwembamba, wa kahawia, nikawa nauvuta na hauishi, mpaka nikaamka.

Kumeshakucha, jirani anafagia uwanja. Nikakaa kitandani nikijicheka, mtu mzima kuota sabuni. Nikataka kujifuta uso, ndipo nikakiona kidole changu kidogo. Kimezungukwa na alama za meno, ndogo ndogo, zimepangana duara.

Nikaenda kabatini bila ndala hata moja. Kaseti iko palepale ilipo siku zote, na vumbi lake. Ila mkanda wa upande B, ambao miaka yote umejaa kushoto, umehamia kulia. Kushoto zimebaki duru chache tu.

Nikaipachika kwenye redio, nikabonyeza huku nimefumba macho. Haikutafuna. Shomari anachana. Mtoto analia. Shomari anakatisha mstari, kisha mmm tatu zinapanda, moja inashuka.

Nilisikiliza mpaka mkanda ukaisha. Nikampigia Semeni.

"Shikamoo, Shangazi," akapokea, sauti ya mtu ambaye hakulala. "Umeshaamua?"

"Marahaba. Wewe ulikuwa mtoto wa kelele sana."

"Mimi?"

"Ulimlilia baba yako kwenye wimbo wake wa mwisho mpaka akaacha kuchana."

"Wimbo gani, Shangazi?"

Nikaurudisha mkanda nyuma kwa kidole kile kile, nikaisogeza simu karibu na redio, nikabonyeza.