Karoti Moja Pembeni mwa Mikate

Aa, hapana, mikate hakuacha! Nani kakudanganya? Mwokaji aache mikate ale nini, hewa? Aliongeza mboga tu, na wala hakuzipenda tangu mwanzo. Aliyemtia adabu ni mkewe. Ngoja nikueleze.

Daktari alimwambia, mzee, wewe mwili mzima ni mkate mtupu, kula mboga. Basi mkewe, fundi cherehani, akawa anamchemshia kila mchana. Na yeye, mke akigeuka tu, mboga anazitupa dirishani, zinaliwa na mbuzi wa jirani. Mambo yakaenda shwari mpaka mbuzi akazoea. Siku moja chakula kikachelewa, mbuzi akaja mwenyewe mlangoni kudai, mee, mee, kama mpangaji aliyefungiwa nje.

Mke akamtazama mbuzi, akamtazama mume.

"Kumbe nawapikia wawili."

"Mama watoto, sikiliza..."

"Sisikilizi. Kula na mwenzako. Mimi na wewe meza moja mwisho leo, mpaka nikuone unakula mboga bila kusukumwa."

Akahamishia sahani yake chumbani, kando ya cherehani. We! Mwokaji chakula hakishuki. Hana wa kumtania, hana wa kumwambia ana unga puani.

Akaamua kujirekebisha. Lakini mwokaji kidogo hakijui, kila kitu kwake ni trei kubwa. Mikate ilipotoka, tanuri bado lina joto, akajaza biringanya, boga, vitunguu na karoti, vimelaliana kama nguo za mtumba. Vilipoiva akavifunika kitambaa, maana ndivyo mkono wake ulivyozoea: mkate wa moto hufunikwa ulainike. Mboga zikalainika kweli, zikawa uji. Hata mbuzi, alipomwagiwa, alinusa akaenda zake.

Binti yake, anayemsaidia kuuza mikate, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, unalisha jeshi? Anza na karoti moja. Na hicho kitambaa nipe mimi."

Basi karoti moja. Akaikatakata, mafuta kidogo, chumvi kidogo, kwenye kibati cha kuokea pembeni mwa mikate ya mwisho. Akala wima, kabla ya kuvua aproni. Kingo zimekauka, ndani tamu! Kesho yake tena. Baadaye kikaingia kitunguu, halafu hoho. Ikawa aproni haivuliwi mpaka kibati kiwe kitupu. Siku akisahau, hajigombezi. Tanuri si litawashwa tena kesho?

Ila nyumbani alinyamaza. Angesema, nani angemwamini? Mboga zake za kwanza si zililiwa na mbuzi?

Mpaka jioni moja akabeba kibati chenyewe hadi nyumbani, kimejaa, hakikufunikwa. Harufu ikamtangulia. Cherehani ikanyamaza. Mke akatokea, uzi mdomoni.

"Za nani hizo?"

"Zangu." Akatafuna kipande cha biringanya pale pale, akachukua kingine bila kuambiwa.

"Na mbuzi?"

"Akajitafutie."

"Anakula kila siku, mama," binti akadakia. "Mimi namwona."

Mke akaonja kimoja. Akaonja cha pili.

"Chumvi umeibania."

"Nitaongeza."

"Na una unga puani."

Hapo mwokaji akajua ugomvi umeisha. Mke akaingia chumbani, akatoka na sahani yake, akavuta kiti. Binti akakata mkate. Nje mbuzi akalia mee, mee, hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wamekaa, wanakula.