Moshi wa Prosesa Sita

Bisimwa akiona dhahabu, sauti yake hushuka. Hata mkiwa wawili tu chumbani na kuku, atanong'ona. Ndivyo alivyozoea kule Kamituga, Kongo, miaka kumi na mmoja ya mashimo na mchanga, kabla vita havijamsukuma yeye na familia ya marehemu kaka yake, iliyokuwa Bukavu, mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kwa hiyo siku aliposimama mlangoni na boksi la bati la biskuti mkononi, akanong'ona mchana kweupe, shemeji yake Benedicte aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Mama Olga, we unajua iko unalala juu ya zahabu?"

"Zahabu gani, shemeji? Zile ni vitabu vya mutoto."

"Vitabu vyenye miguu?" Bisimwa alichomoa kidude kimoja, akakigeuza juani. "Angalia miguu yenyewe. Na hiki kifuniko hapa katikati. Yote zahabu, inapotea bure kwa boksi ya biskwi."

"Rudisha, kabla mwenyewe hajarudi akakung'ata."

Vilikuwa vidude sita. Olga, binti wa Benedicte mwenye miaka kumi na tisa, aliviita prosesa, akasema ndivyo vinavyofikiri ndani ya kompyuta. Hivi vilikuwa vya kompyuta za zamani sana, za kabla yeye hajazaliwa. Kila alipopata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Lilongwe alipita kwa mafundi wa mtaa wa Kawale, akawaomba waangalie chini ya meza zao. Wengine walimpa kwa huruma, wengine ili aondoke. Mwaka mzima, prosesa sita.

Jumatano ile alitakiwa kusimama mbele ya walimu wa kituo kimoja cha ufundi wa kompyuta huko Lilongwe na kueleza kwa mdomo wake jinsi prosesa zilivyokua, vitu vikiwa mkononi. Nafasi iliyobaki kwa watu wa kambi ilikuwa moja. Moja tu. Wiki tano mfululizo Olga alifanya mazoezi kando ya cherehani ya mama yake, na Benedicte, aliyeacha shule darasa la sita, akasikia mpaka maneno yakamwingia kama nyimbo za kanisani.

"Ya kwanza kabisa sina, maman, niko na foto tu. Ilitengenezwa kwa mashine ya kupiga hesabu. Ilikuwa inabeba biti ine kwa mara moja."

"Biti njo nini?"

"Ni ndiyo ao hapana, maman. Kama taa. Inawaka ao imezimika."

"Basi hata mi niko na biti. Umeme wa hapa."

Bisimwa alirudi Jumapili. Akarudi Jumatatu. Jumanne asubuhi alikuja na chupa ya asidi aliyopewa na mtu wa Lilongwe, akamkumbusha Benedicte kwamba yeye ndiye aliyembeba Olga mgongoni walipokimbia. Ilikuwa kweli. Benedicte alichoka. Akasema: chukua mbili, zile zenye miguu iliyopinda, usiguse nyingine. Akampa na ufunguo wa nyumba, akaenda kwenye kibanda chake cha kushonea. Hapo ndipo Benedicte alipokosea, na tangu siku ile hajawahi kulificha kosa hilo.

Bisimwa aliingia na jiko la mbaula lenye makaa na chungu cha udongo. Angefanyia uani, upepo wa wilaya ile ya Dowa ungemsaidia. Lakini mchimbaji wa Kamituga hachemshi dhahabu penye macho. Kule ukionekana, jioni una wageni wenye bunduki, na kesho yake una ndugu ambao hukuwajua. Kwa hiyo alifunga mlango. Akatundika blanketi dirishani. Akasukuma kitambaa kwenye upenyo wa chini ya mlango. Katika Dzaleka yote hapakuwa na mtu aliyekuwa na habari naye, na yeye akajifungia kama mtu anayewindwa. Na akishafunga mlango, mbili hazikumtosha. Alibandua vifuniko kwa kisu, akakata miguu, akatumbukiza.

Olga alirudi saa tisa mchana. Aliisikia harufu kabla hajafika mlangoni, harufu inayokwaruza koo kama brashi ya waya. Alisukuma mlango kwa bega. Ndani kulikuwa na moshi wa rangi ya kutu. Alimshika Bisimwa shati, akamburuta nje.

Kisha akarudi ndani, kwa ajili ya boksi.

Benedicte alikuja mbio, futi ya kupimia bado shingoni. Alimkuta mwanawe amekaa chini, boksi mapajani, anakohoa na kulia. Prosesa tatu zilikuwa salama. Mbili zilikuwa wazi, hazina vifuniko, na moja kati ya hizo haikuwa na mguu hata mmoja. Ya sita ilikuwa bado ndani ya chungu.

"Kesho nitawaonyesha nini, maman? Nitawaonyesha nini?"

"Kifua chako iko namna gani?"

"Kifua kiko bien. Ni kikohozi tu. Ona, kimeisha."

Na kweli kilikuwa kimeisha. Uso wake ulikuwa mkavu, alipumua vizuri, hata majirani walioanza kukusanyika wakaona sinema imekwisha. Benedicte mwenyewe alitaka kuamini. Alikuwa ameshainama kuokota kitambaa cha mlangoni, aliposikia sauti ya Bisimwa nyuma yake, ile sauti ya chini.

"Mama Olga. Faustin naye alisema hivyo."

"Faustin njo nani?"

"Mwenzangu wa Kamituga. Kwa mununuzi wa zahabu, kule wanasafisha na asidi. Akavuta moshi ya rangi hii hii, asubuhi. Mchana tukacheza naye karata. Akakula foufou vizuri, akatucheka. Magaribi akaanza kupumua kama mutu anayepanda mulima, na yeye amekaa."

"Na kisha?"

"Kesho yake tukamuzika."

"Ulijua," Benedicte alisema taratibu. "Ulijua, na ukafunga dirisha ya nyumba yangu."

Hakupiga kelele. Aliita kabaza wawili waliokuwa njia panda na baiskeli zao za kubeba abiria. Olga alishika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Maman, wakinipokea kule watanilaza! Na kesho ni Lilongwe! Nafasi ni moja!"

"Achia nguzo."

"Mi siko mugonjwa!"

"Najua hauko mugonjwa. Njo maana nakupeleka sasa." Alimbandua kidole kimoja kimoja, kama alivyombandua kwenye titi alipokuwa mchanga. Kisha akamgeukia Bisimwa. "Na we pia, shemeji. Panda ya pili. Ulikaa ndani kumushinda."

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliwasikiliza vifua, akasema havina kitu. Benedicte akamwambia neno asidi, akamwambia na rangi ya moshi. Muuguzi alisimamisha kalamu. Hakuwaruhusu kutoka. Kabla jua halijazama Olga alianza kupumua kama yule Faustin, mabega yakipanda na kushuka, lakini kwa sababu alikuwa tayari kitandani, mrija wa hewa ulikuwa puani mwake kabla woga haujafika usoni. Bisimwa, kitanda cha jirani, alikohoa mpaka akatapika. Benedicte alikaa katikati yao, akihesabu pumzi za mmoja kisha za mwingine.

Kulipokucha mganga alisema hatari imepungua, ila binti abaki siku mbili. Olga hakuwa na sauti. Alivuta mkono wa mama yake, akasema kwa vipande:

"Maman. Wende."

"Niende wapi?"

"Lilongwe. Umesikia mara mia."

"Olga! Mi nilisoma darasa la sita."

"Mara mia, maman."

Jirani yao Vénérande, Mrundi anayeuza nyanya, alikuwa ameleta uji. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti. "Mama Olga, nenda. Mimi nitakaa hapa. Sitainuka hata haja ikinibana."

Karatasi ya ruhusa ilikuwa na majina mawili, la binti na la mama msindikizaji. Benedicte alisimama kati ya kitanda na mlango. Hakuna mama anayependa kumwacha mtoto na mrija puani. Lakini alimwona Olga anavyoangalia lile boksi, si dari wala mrija, akajua kwamba akibaki pale ataokoa pumzi tu, na kitu ambacho pumzi ile ilitumika kukiokoa kitapotea. Akachukua boksi.

Walimu walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Wa katikati, Mwalimu Kamwendo, Mmalawi, alikuwa amesoma Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi; wenzake aliwatafsiria kwa Kichewa.

"Mama, mwombaji yuko wapi?"

"Amelazwa, Mwalimu. Nimekuja na sauti yake."

Walitazamana. Aliye kulia akaangalia saa. Benedicte hakungoja ruhusa. Alipanga prosesa mezani kama Olga alivyozipanga kila siku, akaacha nafasi moja tupu.

"Hii ni 8080. Inabeba biti nane kwa mara moja. Watu walijitengenezea kompyuta nayo nyumbani, za taa na swichi, hazina hata kioo cha kuangalia. Hii, 8088. Ndani yake inafikiri kwa kumi na sita, lakini mlango wake unapitisha nane, nane."

"Kwa nini walifanya hivyo?" aliuliza Kamwendo.

Hili Olga aliwahi kulieleza, ila maneno yalimtoka Benedicte kichwani. Alishika futi, ambayo ilikuwa bado shingoni tangu jana. "Mwalimu, mi nina cherehani inaweza kushona ngozi. Lakini sindano ninazozipata Dzaleka ni za kitambaa. Basi nashona kitambaa. Vifaa vya bei nafuu vya wakati ule vilikuwa vya nane."

Aliyekuwa anaangalia saa alishusha mkono.

"Hii ni 286. Ilianza kuweka ukuta, programu moja isiingie chumba cha mwenzake. Hii ni 386, inabeba thelathini na mbili. Ina nguvu kuliko hizi zote, na bado ukiisemesha kwa lugha ya 8088, inasikia. Kama mjukuu asiyesahau lugha ya bibi yake."

"Na kwa nini watengenezaji hawakuanza upya tu, mama? Ingekuwa rahisi zaidi."

"Kwa sababu watu walikuwa na kazi zao, zimeandikwa kwa lugha ile ya zamani. Ungewaambia wazitupe?" Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Sisi tulitoka Bukavu na nguo za mwilini. Mwalimu, mtu aliyewahi kuacha vyote hawezi kuuliza kwa nini wengine wanabeba."

Kamwendo alionyesha nafasi tupu kwa kalamu.

"Na hapa?"

"Hapa ilikaa 387. Kazi yake hesabu ngumu, ilikaa kando ya 386 kuisaidia. Shemeji yangu ameichemsha, anatafuta dhahabu." Mmoja akacheka. "Moshi wake ndio umemlaza mtoto wangu," Benedicte aliongeza, na aliyecheka akafuta mdomo. "Hii ya mwisho ni 486. Hapa yule msaidizi wa hesabu alihamia ndani, wakawa nyumba moja. Miguu imekatwa, kifuniko kimebanduliwa. Lakini angalieni hapa katikati. Hiki kipande cha kijivu, kama ukucha wa dole gumba. Transista, zile swichi ndogo za ndiyo na hapana, zaidi ya milioni moja. Ile ya kwanza ya kwenye picha ilikuwa na elfu mbili na mia tatu. Shemeji aliona dhahabu ya pembeni, hiki hata hakukigusa."

Kamwendo alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho muda mrefu, akawapitishia wenzake.

"Mama, sheria inataka mwombaji aseme mwenyewe."

"Najua."

"Nafasi itamsubiri mpaka Jumatatu."

"Zikomo kwambiri, asante sana. Iandike."

"Nimekwisha kukuambia, mama."

"Nimesikia. Iandike, Mwalimu, na sahihi. Mi sitoki hapa na maneno ya mdomo."

Akaandika.

Jumatatu Olga alisema mwenyewe, ameketi, akipumzika baada ya kila prosesa moja ili hewa ipatikane. Nafasi aliipata. Mpaka leo akipanda ngazi za kituo kile husimama katikati, na wenzake wanadhani anaangalia simu.

Habari ya dhahabu ndani ya kompyuta ilienea kambini, ikatoka mpaka mji wa Mponela. Watu huja kwa Bisimwa na mifuko ya simu zilizokufa na bodi za redio. Wengi ni wachimbaji wa zamani kama yeye, na wote hunong'ona. Huwakuta wawili: Bisimwa kwenye kigoda, na Benedicte kwenye cherehani aliyoihamishia nyumbani, mlango na dirisha vikiwa wazi mpaka mwisho.

"Tafazali, papa," mmoja alimwinamia juzi, "unatumia asidi gani?"

Bisimwa alikohoa, kile kikohozi ambacho hakijamwacha, akaanza kwa sauti ya chini: "Kulikuwa mwenzangu mumoja, jina yake Faustin…"

Cherehani ilinyamaza.

"Sauti, shemeji," alisema Benedicte. "Hata wa barabarani basikie."

Naye akainua sauti, akaanza tena.