Dawa Iliyoishia Godoroni

Sukari ya Limpho ilizidi kupanda na hakuna aliyejua kwa nini. Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, akienda na sindano yake ya insulini nyuma ya pazia kila asubuhi, lakini alikonda hadi blanketi likawa linamteleza mabegani. Ndiyo maana mama yake, aliyeitwa kwa heshima ya Kisotho 'Me, yaani Mama, Malerato, aliacha kazi za ndani Johannesburg akarudi huku milimani Lesotho.

"Tunaongeza dozi mara mbili," muuguzi wa kliniki alisema. "Na leo mchome wewe mwenyewe, 'Me."

Limpho alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, usinichome. Nitajichoma nyumbani."

"Msichana mzima unaogopa sindano? Acha vituko," mama yake alisema.

Sindano ikaingia. Limpho akapewa uji ili sukari isishuke mno, akakataa kuugusa.

Kliniki ile ilikuwa imeanza kumpitisha kila mtoto kwa watu wawili: muuguzi, kisha Ntate, yaani Bwana, Tlali, mshauri wa afya ya akili, chumba cha pili.

"Mwanangu si kichaa," 'Me Malerato alinung'unika, lakini walipoitwa baada ya kusubiri saa nzima, akaingia naye.

Ntate Tlali hakuuliza habari za ugonjwa. "Siku ukipona, nyumbani kutakuwaje?"

Limpho alijifuta uso. Nje theluji ilikuwa inaanguka, naye jasho lilimchuruzika.

"Mama ataondoka." Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Dawa huwa naichoma kwenye godoro. Ntate... ya leo imeingia yote."

Ntate Tlali aliruka. "Muuguzi! Lete sukari! Mtoto hakuwa akijichoma hata ile dozi ya zamani!"

Limpho alikuwa ameshaanguka, macho yamegeuka meupe, miguu ikipiga sakafu. Muuguzi alitafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena. Maji ya sukari yalipoanza kuingia, miguu ilitulia. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama huo ulikuwa utulivu mwema. Kisha vidole vikacheza, macho yakafumbuka, wakamlaza kitandani.

"Ungeniambia tu kwamba unataka nibaki, mwanangu," 'Me Malerato alilia.

"Nilikuambia mwaka jana. Ukasema utarudi Pasaka."

Muuguzi na Ntate Tlali waliketi nao pamoja. Kila wiki wao wawili wangemwona Limpho pamoja, chumba kimoja, na mama awepo. 'Me Malerato aliitikia kila neno.

Simu yake ikaita: tajiri wake wa Johannesburg. Hakuipokea, wala hakuizima. Kitandani, Limpho alikuwa amekikazia macho kidole gumba cha mama yake kilichosimama juu ya simu.